Jani la Sudi

Mawese yakianza kupata moto hutoa harufu nzito inayoingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa nje, na mimi nikiinusa narudi utotoni hata kama sitaki. Siku hiyo nilikuwa nimeinamia sufuria, vitunguu vimeshaingia, ndipo nikawasikia wanangu wakibishana uani. Mdogo alikuwa anaapa kwamba banda la kuku alilifunga yeye mwenyewe. Kuku walikuwa wametapakaa mpaka kwenye mchicha wa jirani. Dada yake, mwenye miaka kumi na miwili na ulimi wa mtu wa arobaini, akamkata kauli: "Hilo ni jani la Sudi. Nenda kafunge banda."

Vitunguu viliungua. Sikumfundisha mimi maneno hayo. Aliyapata kwa babu yake, Mungu amrehemu, na babu yake hakuwa peke yake. Kutoka Simbo mpaka Ujiji, ukidai umefanya jambo na ushahidi haupo, watakuambia hilo ni jani la Sudi. Mafundi wanaambiwa, wanafunzi wanaambiwa, hata katekista wetu aliwahi kuambiwa. Wengi wanaousema msemo huo hawajui kwamba Sudi ni mtu. Mimi namjua. Najua pia kwamba jani aliliweka, kwa sababu mimi ndiye niliyeliondoa.

Nimeandika sentensi hiyo na mkono haujakatika. Basi niendelee.

Baba yangu, Damiani, alikuwa mtu wa baskeli. Tulikuwa na michikichi yetu Simbo na majaruba mawili ya mpunga chini bondeni, lakini ukimuuliza kazi yake alikuonyesha baskeli. Siku za kazi alifunga madumu mawili ya mawese kwenye keria, moja kila upande, akayakaza kwa mipira ya tyubu na kushuka nayo Ujiji. Jioni alirudi na dagaa. Barabara kubwa ilikuwepo na malori yake na vumbi lake, na watu wa baskeli waliikwepa. Wao walikuwa na njia yao ya bondeni, inayofuata mto Luiche.

Jumapili baada ya misa baskeli ilikuwa tupu, na hapo keria ilikuwa yangu. Tulishuka mteremko wa Simbo breki ikiwa kisigino cha baba kwenye tairi, mpaka nasikia harufu ya kandambili inayoungua. Mteremko ukiisha, kelele zote zinaisha nao. Kule chini hakuna gari, hakuna redio, kuna mnyororo tu unaozunguka na maji ya mifereji. Michikichi inasimama pande zote mbili, kivuli kinakupita usoni, jua, kivuli, jua, na chini ya matairi ngazi, yaani matunda ya mchikichi yaliyopukutika, zinapasuka na kuacha madoa ya rangi ya machungwa njiani. Kisha mpunga, na yangeyange weupe wamesimama katikati yake. Kila shamba lenye mtu baba aliligongea kengele na kusalimia, "Mwakeye!" nao wakaitikia bila kuinua mgongo. Shavu langu lilikuwa limeegemea mgongo wake, kwa hiyo sauti yake niliisikia ikitokea humo ndani, na kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wazima huongea kwa mgongo.

Mwisho wa njia michikichi inakatika ghafla na ziwa linajitokeza lote, na mapaa ya kwanza ya Ujiji, na mnara wa msikiti. Baba alikuwa anasimama, mguu mmoja chini. "Haya, umeliona?" Nikisema nimeliona, tunageuza. Hatukuwa tunakwenda kokote. Tulikuwa tunakwenda kulitazama ziwa kama watu wanaokwenda kumjulia hali ndugu, tukishajua kwamba yupo, tunarudi nyumbani kula.

Katikati ya njia hiyo kuna njia panda, na msomaji naomba aikumbuke. Kushoto ni njia fupi, inavuka kijito kinachoingia Luiche kwa daraja la magogo manne ya mchikichi. Kulia unazunguka majaruba yote mpaka kwenye kivuko cha mchanga, na mwenye mzigo anasukuma karibu saa nzima. Wakati wa masika maji hupanda juu ya magogo hata kwa wiki nzima. Hilo halikumtisha mtu. Waliteremka, wakasukuma baskeli, wakavuka miguu ikiwa majini. Kilichokuwa na maana ni kama magogo bado yapo, na katika maji ya udongo huwezi kuyaona. Kwa hiyo walikuwa na sheria yao. Aliyetangulia alfajiri anapima kwa fimbo. Akikuta gogo limeondoka, anarudi mpaka njia panda, anakata jani bichi na kulilaza kukatiza njia ya kushoto, kisha anazunguka kulia. Jani lipo, usipite. Jani halipo, pita. Mara nyingi lilikuwa jani la mgomba kwa sababu migomba ilisimama hapohapo. Nililijua tangu sijaanza shule, na kuna sababu ya kulisema hili mapema.

Sudi alikuwa kijana wa Katonga, kwenye ufuko wa dagaa karibu na Ujiji, mmoja wa wale ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo wakabaki. Alipandisha dagaa Simbo siku ya Ijumaa, akalala kwa mwenyeji wake, na Jumamosi alfajiri alikuwa wa kwanza kushuka na mawese. Mwembamba, mcheshi, kofia yake ya kufuma haikosekani kichwani. Akinikuta mlangoni alikuwa anainama mpaka chini na kuniambia, "Shikamoo, bibi." Mimi nilimwitikia "Marahaba, mjukuu wangu" bila kucheka, na baba alipiga mapaja kwa furaha. Ulikuwa mchezo wetu wa kila Ijumaa. Nilimpenda mtu yule, na nalisema kwa sababu watu wengine wakisikia habari hii watadhani nilikuwa na kisa naye.

Sasa matawi. Sisi ni Wakatoliki, na kwa mtoto Mkatoliki wa Simbo Jumapili ya Matawi ni mashindano. Wavulana wanapanda michikichi na kushusha makuti marefu kuliko wao, wanayainua njiani mpaka kanisani kama majeshi. Mwaka uliotangulia mimi nilibeba kijikuti cha urefu wa rula, na mtoto mmoja wa jirani akaniuliza kama nakwenda kanisani kufukuza nzi. Nilimwomba baba anikatie kuti, akasema ukikata makuti machanga unauonea mti, na hakuwa na nafasi. Basi Ijumaa ile kabla ya kulala nilimwomba Mungu, tena kwa vipimo. Nilitaka liwe bichi na linizidi kimo.

Jumamosi asubuhi nilishuka bondeni kuamia ndege kwenye mpunga wetu, kama kila siku ya msimu ule. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye tope niliona alama ya tairi moja, imekwenda kushoto, imerudi, imekwenda kulia, nami nikaifuata kwa miguu peku nikiikanyaga kwa kucheza. Nikafika njia panda, nalo lilikuwa pale. Kuti la mchikichi, bichi, limekatwa alfajiri hiyohiyo, utomvu haujakauka. Limelala kukatiza njia ya kushoto. Juu yake kulikuwa na mawe mawili, jekundu bapa upande wa shina, na jeusi dogo upande wa ncha.

Nilipiga magoti hapohapo. Nilielewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Mungu alikuwa ameniwekea kuti langu, na kwa kuwa anajua upepo wa bondeni, ameliwekea na mawe lisipeperuke mpaka nifike. Sijawahi tena kuamini kitu kwa nguvu kama ile. Niliyasukumia mawe majanini, nikaliburuta kuti mpaka kwenye kibanda chetu cha kuamia, nikatumbukiza shina lake kwenye maji ya jaruba lisinyauke. Lilinizidi kimo.

Miaka yote nimejitetea kwa hoja moja: ishara niliyoijua mimi ilikuwa ya mgomba, na lile lilikuwa la mchikichi. Migomba ya njia panda ilikuwa imelazwa yote na upepo wiki ileile, majani yakanyauka, Sudi akakata alichokipata. Hoja ni nzuri na ni ya kweli. Lakini mtoto akikitaka kitu anajua pia mahali pa kutotazama, na mimi ile alama ya tairi iliyokwenda na kurudi sikuitazama mara ya pili.

Nilikuwa nagonga kopo kufukuza ndege niliposikia kengele za msafara wa baskeli zikishuka. Baba alikuwa mbele siku hiyo. Kengele yake niliijua. Nikawaza kwamba akirudi jioni nitamwonyesha kuti. Halafu nikasikia mlio wa dumu linalogonga gogo, kisha wanaume wakipiga kelele kwa pamoja. Nilikimbia. Baba alikuwa majini mpaka kifuani, mguu mmoja umenaswa kati ya magogo mawili pale ambapo la tatu halikuwepo, baskeli imemlalia. Dumu moja lilikuwa limepasuka na mawese yanatambaa juu ya maji ya udongo, mekundu, yanakwenda polepole kuelekea Luiche. Baba hakulia. Alikuwa anauliza neno moja tu, analirudia. "Nani katangulia? Nani katangulia leo?"

Mchana ule, zahanati wakiwa wameshamfunga goti kwa mbao na bandeji, wenzake walijaa chumbani kwake. Sudi alipata habari akiwa Ujiji, akaja mwenyewe bila kuitwa. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi.

"Niliweka," alisema. "Wallahi niliweka. Kuti la mchikichi, maana migomba imelala yote. Nikalikandamiza na mawe mawili, moja kichwani, moja mkiani."

Mzee Bosko, mkubwa wa watu wa baskeli, akatikisa kichwa. "Tumetoka huko sasa hivi. Hakuna kuti."

"Labda upepo," mmoja alisema kwa upole.

"Upepo unabeba mawe?" Bosko akauliza. "Angesema jani tupu ningemwelewa. Na mawe nayo yameruka?"

Hapo ndipo nilipojua. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha uji wa baba. Uji ulikuwa wa moto na sikuuhisi.

"Basi watoto," Sudi akasema. "Watoto wanachezea vitu, mzee wangu. Ulizeni watoto."

Baba akainua kichwa kwenye mto. Hakuwa mtu mbaya, baba yangu, alikuwa mtu mwenye maumivu. "Watoto wa huku wamekua na jani. Huyu wangu anajua kuliko wewe." Akanigeukia. "Mama, ukikuta jani njiani unaligusa?"

Wote walinigeukia, na Sudi alinigeukia. Nikikumbuka siku ile sikumbuki macho ya baba, nakumbuka yake. Alikuwa ananitazama kwa tumaini, kama mtu aliyeona mlango.

"Siligusi, baba," nikasema.

"Ego," baba akasema, ndivyo, akarudisha kichwa kwenye mto. "Mmemsikia."

Bosko akamshika Sudi bega. "Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Ulikuwa na haraka, ukasahau. Sema nilisahau, yaishe. Damiani atakusamehe, na sisi tutakusamehe."

"Siwezi kusema nilisahau na sikusahau," Sudi alijibu. Mtu mmoja karibu na dirisha akanung'unika habari za watu wa ng'ambo, na hakuna aliyemnyamazisha. Sudi akavaa kofia yake. Aliponipita mlangoni hakuniamkia kwa utani wetu, akapita kwa ubavu ili asimwage uji niliokuwa nimeshika.

Jioni mama alishuka bondeni kuchukua kopo na mkeka, akarudi na lile kuti begani. "Hata na mambo haya yote umekumbuka matawi," aliniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. Kisha akauliza, "Umelikata wapi?" Nikamwambia, kwa babu. Alinitazama kidogo, akaliegemeza ukutani. Kila nyumba ya Mkatoliki siku ile ilikuwa na kuti mlangoni, na ndiyo maana hakuna aliyeliona langu.

Basi nikalibeba. Kesho yake nilitembea kwenye maandamano na kuti kubwa kuliko yote ya wasichana, na watu walinipisha kwa sababu baba yangu alikuwa mgonjwa. Padre alilinyunyizia maji ya baraka. Yule mtoto wa nzi aliniomba alishike kidogo, nikampa, nikatamani asinirudishie. Na kwa kuwa tawi lililobarikiwa halitupwi, mama alilikata ncha, akaisuka msalaba na kuitundika ukutani, juu ya kitanda cha baba. Ilikaa pale mwaka mzima ikikauka. Baba alilala chini yake na mguu wake usiokunja. Mwaka uliofuata, kabla ya Kwaresima, katekista alipita nyumba kwa nyumba kukusanya matawi makavu ya kuchoma, akachukua na letu. Jumatano ya Majivu tulipanga foleni, na padre akanipaka jani la Sudi kwenye paji la uso. Nilikwenda shuleni nalo. Sikulifuta.

Niliungama, msinione mpagani. Kabla ya komunyo ya kwanza nilipiga magoti nikasema nimeiba jani. Padre nadhani alitabasamu, akanipa Salamu Maria tatu. Niliungama jani, Sudi sikumuungama.

Sudi hakupita tena njia ya bondeni. Hawakumpiga wala kumfukuza. Waliacha tu kumngoja, na mtu ambaye jani lake haliaminiki hana la kufanya katika msafara. Tulisikia anapakua dagaa Katonga. Goti la baba halikukunja tena, pedeli zikamshinda, na baskeli ikawa fimbo yake. Aliisukuma mpaka kanisani akiiegemea na kurudi nayo. Safari zetu za Jumapili ziliishia hapo. Baba alikuwa na ulimi mtamu, na machungu yake aliyageuza utani. Nikisema nimeosha vyombo, aliuliza, "Kweli, au ni jani la Sudi?" Wageni walicheka. Wakaenda na msemo huo kwao. Miaka michache baadaye nilimsikia mwalimu wetu akiusema darasani, na nikaona kwamba kitu nilichokitoa mimi njiani sasa kina miguu yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga, na mimi nilikuwa kata kwa zaidi ya miaka thelathini. Njia ya mwongo ni fupi, alisema Bosko, lakini yangu imekuwa ndefu. Mwaka jana baba alipokuwa anatuaga nilikaa kando ya kitanda nikamwambia, "Baba, kuhusu lile jani." Akafumbua jicho moja. "La Sudi?" akauliza, akacheka mpaka akakohoa, akanipapasa mkono. Sikuendelea. Nilijiambia namhurumia mgonjwa. Uongo, nilijihurumia mimi. Tulimzika Simbo wiki ile.

Sasa binti yangu ameyasema maneno yale uani kwangu, na mdogo wake, ambaye pengine alilifunga banda kweli, amegeuka kunitazama mimi. Uso wa mtoto yule ndio ulionitoa nyumbani. Ijumaa iliyofuata nilikwenda Simbo. Nikaishusha baskeli ya baba kutoka stoo, nikaitia tyubu mpya, na Jumamosi alfajiri nikashuka bondeni.

Njia haijabadilika sana. Bado huwezi kusikia kitu zaidi ya mnyororo. Vijana watatu wenye helmeti na baskeli za kisasa walinipita, wa mwisho akageuka akasema, "Shikamoo, mama! Kaza!" Nilikuwa nakaza. Mama wa miaka yangu akiteremka mteremko wa Simbo kwa breki za kisigino anajifunza kusali upya. Michikichi ipo, kivuli kinakuja na kuondoka usoni vilevile, ila mgongo wa kuegemea haupo. Kwenye kijito wamejenga kalavati la zege, na siku hizi hakuna anayepima kwa fimbo wala anayeweka jani. Niliteremka njia panda nikaanza kutafuta mawe majanini, kwa mikono, mpaka mkulima mmoja akaniuliza kama nimepoteza funguo. Sikuyapata.

Katonga niliuliza kwa Mzee Sudi. Mama mmoja wa dagaa akacheka: "Yule anayerudi-rudi? Yuko kule kwenye vichanja." Sikumwelewa mpaka nilipomwona. Mzee mwembamba, kofia ya kufuma, alikuwa anafunga wavu juu ya kichanja cha dagaa. Alifunga fundo, akaondoka hatua kumi, akasimama, akarudi, akaligusa. Akaondoka tena. Akarudi tena.

"Umefunga, baba Zaituni," mkewe akamwambia kutoka kivulini, bila hasira, kama mtu anayesema kila siku. "Nimekuona mimi. Umefunga."

"Shikamoo, Mzee Sudi," nikasema.

"Marahaba." Akaitazama baskeli kabla ya kunitazama mimi. "Hiyo ni ya Damiani."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Simbo na yote yaliniruka. Nikasema tu: mimi ni binti yake, jani uliliweka, nililiondoa mimi, nililipeleka kanisani, nawe uliponitazama pale mlangoni nikadanganya.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilibaki nimesimama kwa sababu hakuniambia nikae.

"Miaka ya mwanzo niliapa," alisema hatimaye. "Kila aliyenisikiliza nilimwapia. Halafu siku moja sokoni nikamsikia mtoto wa shule anasema jani la Sudi, hajui mwenye jina kasimama nyuma yake. Nikaenda nyumbani nikawaza, watu wote hawa, wao ni wengi na mie ni mmoja. Huenda nilitaka tu kuliweka. Huenda nilikata kuti nikaliacha palepale. Nikaanza kuiona kabisa, najiona naondoka bila kuliweka." Alikiangalia kichanja. "Tangu hapo sijafunga mlango mara moja. Mke wangu huyo, muulize."

Hilo sikuwa nimelijua. Nilidhani nilimnyang'anya msafara na jina. Sikujua kwamba nilimnyang'anya na macho yake mwenyewe.

"Mawe yalikuwa mangapi?" akaniuliza ghafla, kwa ukali.

"Mawili."

"Yakoje?"

"Jekundu, bapa, upande wa shina. Jeusi dogo upande wa ncha. Jekundu lilikuwa na tope chini, ulilitoa kwenye mfereji."

Aliinua mikono yake miwili akaitazama, viganja juu, kama mtu anayetafuta tope. "Kwenye mfereji," akasema. "Nililitoa kwenye mfereji. Lilikuwa la baridi." Kisha akapaza sauti, na sauti ilikuwa ya yule kijana: "Mama Zaituni! Niliweka! Njoo usikie, niliweka!"

Nilipiga magoti kwenye mchanga kumwomba msamaha. Hakunipa. Alinishika mkono akaniinua, na hakuuachia. "Nilisikia Damiani amekufa. Alikufa akiamini sikuweka?"

"Ndiyo, baba."

"Na Bosko?"

"Bosko yupo. Haoni, lakini anasikia."

"Basi huko utakwenda leo, na mie nitakwenda nawe." Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza. Akanikalisha kwenye ndoo yake. "Kwanza ningoje hapa. Nikitoka kuswali natoka na watu, utawaambia na wao."

Walitoka wengi kuliko nilivyotarajia, wavuvi, wapakuaji, vijana wenye simu mikononi, na wazee wawili watatu walionitazama kwa mashaka. Nilianza kusema kwamba mimi ni mtoto wa marehemu Damiani wa Simbo, na kwamba siku ile ilikuwa kabla ya Jumapili ya Matawi. Sudi akanikatiza.

"Achana na kanisa," alisema. "Achana na baba yako. Anza na mawe."

Nikaanza na mawe.